Kutoka ngano za mazimwi za utotoni hadi riwaya ya kutisha iliyochapwa: nifuate hatua zipi nikiwa Kigoma?

Mwanga Sokoni

Wakuu, habari za majukumu.

Naomba msaada wa wanaoijua kazi ya kuandika hadithi za kutisha. Tangu shule ya msingi mimi na mambo haya: mazimwi ya bibi, majini ya Ujiji, habari za watu waliochukuliwa na ziwa. Madaftari yamejaa. Sasa nataka kitabu, siyo vipande. Nipo Kigoma mjini, sina mpango wa kuhamia Dar, na vifaa vyangu ni simu na kompyuta mpakato ya kuazima.

Ninapokwama ni hapa:

1. Hadithi nikiisimulia watu wanaogopa, nikiiandika inakuwa kama maelezo ya polisi. Tatizo liko wapi?
2. Nitumie mambo ya hapa hapa (ziwa, wavuvi, waganga) au yataonekana ya kishamba?
3. Nikimaliza naanzia wapi: ISBN (ile namba ya utambulisho wa kitabu), hakimiliki, mchapaji? Na je, niitoe kwanza kwa vipande WhatsApp?

Wale wa "soma sana vitabu utaweza", hilo nimeshaambiwa. Nataka hatua.

Msomaji wa Isevya

Mkuu, swali la kwanza ndilo lenye kitabu chako. Hayo mengine ni makaratasi.

Bibi akisema "zimwi likaja", nyumba nzima inanyamaza. Siyo kwa sababu ya hayo maneno mawili. Ni kwa sababu kabla ya kuyatamka alikaa kimya, akachokoa moto, akatazama mlangoni. Wewe ukiyaandika unabaki na maneno mawili tu. Kile kimya inabidi ukijenge upya kwa wino, na Kiswahili kina vyombo vyake vya kazi hiyo ambavyo wengi wanavikalia.

Kwanza, ngeli. Msomaji wetu akiona kiambishi anajua papo hapo kama kitu kina uhai au hakina. Mchezee hapo. Mtu yuko ufukweni Kibirizi alfajiri, anaona kitu cheusi kimelala kwenye changarawe. Kiandike kwa ki-: kimelowa, kina upana wa gunia, kimefunikwa na wavu nusu. Msomaji ametulia. Endelea aya nyingine mbili, bado ki-. Kisha sentensi moja: "Akageuza kichwa." Hukuandika "ghafla", hukuandika "kumbe alikuwa kiumbe wa ajabu". Ila kuna sharti: msimulizi awe nafsi ya kwanza. Vitendo vyake vyote vitakuwa nika-, kwa hiyo ikitokea aka- pale ufukweni, haina mwenyewe isipokuwa kile kitu. Ukisimulia kwa nafsi ya tatu msomaji atadhani ni mhusika wako ndiye aliyegeuka, na mtego wote umefyatuka hewani.

Pili, nyakati. Maelezo ya polisi unayoyalalamikia yanatokana na -ka-. "Akaamka, akawasha taa, akafungua mlango, akaona mtu, akapiga kelele." Kila tendo limeanza na kuisha, msomaji anapokea orodha. Hofu inataka tendo ambalo bado halijaisha: "Mlango ulikuwa ukifunguka." Hapo msomaji amenaswa katikati. Kwa hiyo kabla ya tukio tembea na -li- na -ki-, sentensi ndefu kidogo. Tukio lenyewe lipe -ka- mbili au tatu fupi, halafu nyamaza, anza aya mpya. Chukua ukurasa mmoja wa daftari lako, pigia mstari kila -ka-. Zikizidi kumi na tano, umeshauona ugonjwa.

Tatu, a- yetu haisemi mwanamume wala mwanamke. Alibisha, aliketi, aliomba maji. Unaweza kumficha mgeni kurasa nne bila kumdanganya msomaji hata mara moja. Wenye lugha nyingine wanahangaika na hilo, sisi tumepewa bure.

Sasa kutoka daftari hadi muswada. Usichague hadithi inayotisha kuliko zote, chagua yenye mwiko ulio wazi. Ngano nyingi za kutisha zinasimama juu ya mwiko: usiitike ukiitwa usiku na usiyemwona, usipige mluzi gizani, usifagie nyumba usiku. Andika mambo matatu kwenye karatasi moja: mwiko ni upi, nani anauvunja, na kwa nini. Hiyo "kwa nini" iwe ya kawaida kabisa. Deni, mapenzi, njaa, aibu mbele ya wakwe. Mtu anayevunja mwiko kwa ubishi tu hatuhuzuniki akipotea. Mtu anayeitika usiku kwa sababu mwanawe hajarudi kutoka ziwani, huyo tunakwenda naye.

Iandike kwanza kama hadithi fupi ya maneno 2,000 hadi 3,000. Ikisimama, ndipo uipanue. Lengo la kuanzia liwe maneno 40,000, yaani sura 20 za maneno 2,000. Ukiandika maneno 500 kwa siku, siku tano za wiki, unapata 2,500 kwa wiki, na wiki 16 rasimu imekamilika. Usirudi nyuma kusahihisha ukiwa njiani. Weka alama pembeni na uendelee.

Riwaya nyingi za kutisha zinafia sura ya saba au ya nane. Mwandishi ameshamleta jini wake mzima mzima, na baada ya kuonekana hana kipya cha kufanya zaidi ya kuua watu. Panga ngazi mapema: kwanza asikike, kisha aache alama, kisha kitu au mtu akosekane, kisha aonekane nusu. Mwili mzima usiuonyeshe kabla ya sura ya 15. Na kati ya ngazi na ngazi lazima kuwe na jambo la wanadamu linaloendelea lenyewe: urithi, ndoa, siri ya familia. Hilo ndilo linalobeba kurasa 150. Jini peke yake anabeba kumi.

Rasimu ikiisha ifungie wiki tatu au nne. Ukirudi, tafuta neno "ghafla" kwa kompyuta na ufute kila mahali, kisha rudisha pale tu ambapo sentensi imeanguka. Fanya hivyo na "nywele zilimsisimka", "jasho jembamba likamtoka" na "moyo ukamwenda mbio". Kila kimoja kinaruhusiwa mara moja katika kitabu kizima. Mwisho jirekodi ukisoma kwa sauti kwenye simu. Pale unapokata pumzi mahali pasipofaa, msomaji naye atajikwaa hapo hapo.

Bandarini

Naongezea swali la pili. Kishamba ni kuandika jumba la mawe lenye theluji nje wakati hujawahi kuliona. Kigoma ina vitu ambavyo mtu wa mbali angevilipia.

Anza na maji. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Kinachofaa zaidi kwako ni hiki: ukishapita mita mia moja hadi mia mbili kwenda chini, oksijeni imekwisha. Samaki wote wanaishi kwenye tabaka la juu. Chini yake ni zaidi ya kilomita moja ya maji meusi yasiyo na samaki, na bado hayana baridi kali, ni kama nyuzi 23. Hapo hujatunga kitu. Mhusika wako akikwambia alihisi samaki wakimgusa kule chini kabisa, msomaji anayejua ataacha kula.

Kisha kuna swila wa maji, nyoka halisi anayeishi humu ziwani na anakula samaki. Ana sumu lakini ni mwoga, anakimbia watu. Usimfanye jini, watu wa Katonga watacheka. Mtumie kama kitu ambacho kila mtu anadhani ndicho kilichopita chini ya mtumbwi, mpaka mmoja aseme urefu wake.

Kuhusu wavuvi, hapa ndipo waandishi wengi wanajiumbua. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Mbalamwezi ikiwa kamili taa hazivuti dagaa vizuri, kwa hiyo wavuvi wanapumzika siku kadhaa. Ukiandika "mwezi mpevu uling'aa juu ya safu ya taa za wavuvi", kila mtu wa Kibirizi atakifunga kitabu. Lakini geuza: mwezi ni mpevu, wavuvi wote wako nyumbani, nyavu zimeanikwa, na kule mbali ziwani kuna taa moja. Nani yuko kule? Hiyo ni sura ya kwanza na hujatumia tone la damu.

Historia nayo ipo. Stanley, yule aliyekuja kumtafuta Livingstone, alipokuwa anakaribia ziwa mwaka 1871 aliandika kwamba alisikia ngurumo, akaambiwa inatoka Kabogo, mlima ulio ng'ambo, na kwamba wenye mitumbwi wakipita hapo hutupa kitambaa au shanga majini kumtuliza mungu wa ziwa. Ndiyo mwiko huo, umeshaandikwa, haujaguswa. Meli ya Liemba: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande ndani ya masanduku hadi Kigoma, ikaelea mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha, lakini kwanza mafundi walizipaka injini grisi nzito zisiharibike. Ikaja kuinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Fikiria mtu anayepaka grisi injini za meli anayokwenda kuizamisha. Anajua nini?

Ukitaka hadithi ya reli, Kigoma ndiyo mwisho wa reli, na treni inakwenda usiku kucha katikati ya miombo ya Tabora. Komba analia kama mtoto mchanga juu ya mti, mtu asiyemjua atashuka na tochi kumtafuta huyo mtoto. Mizinga ya magome imening'inia juu, na warina asali wanakaa kambini porini wiki nzima na zaidi bila kuonana na mtu mwingine. Mwisho wa kiangazi miombo inachipua majani mekundu kabla mvua haijanyesha. Mgeni anadhani msitu umeungua.

Kipimo: ukweli mmoja wa namna hii kwa kila tukio, basi. Ukiweka mitano unaandika kitabu cha jiografia. Na saa zako ziwe za Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Nimeona miswada ambayo "saa saba usiku" ya sura ya pili inakuwa "saa 1:00 usiku" sura ya tano, na msomaji anabaki kujiuliza kama jini anakuja baada ya chakula cha jioni.

Dada Mhariri

Bandarini kanifurahisha, ila neno "waganga" kwenye swali lako limepita bila kuguswa, na ndilo lenye hatari.

Ukanda wetu wa magharibi na Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu. Macho hayo ni ya moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, miaka hamsini jikoni. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa sababu mtu fulani aliamini hadithi. Kwa hiyo bibi mwenye macho mekundu anayegeuka kuwa mchawi sura ya mwisho siyo ubunifu, ni kuongeza kuni kwenye moto uliopo. Mhariri makini ataurudisha muswada, na ana haki. Ukitaka kutumia jambo hilo, hofu iweke upande wa pili: bibi ndani ya nyumba, usiku, anasikia majirani wakikusanyika nje na anawatambua kwa sauti. Hapo utatisha kweli na hujamwonea mtu.

La pili ni sheria. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ipo hadi leo, na haimgusi anayejidai mchawi peke yake, inamgusa pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Riwaya ni riwaya, lakini usichukue mzee wa mtaani kwenu, ukabadilisha herufi mbili za jina, ukaacha nyumba yake, kibandiko chake cha jicho na duka lake. Watu watamjua kabla hujamaliza kuuza nakala ishirini. Badilisha kazi, umri, jinsia na mtaa, vyote vinne. Kikibaki hata kimoja cha kweli, kuna atakayemtambua.

La tatu dogo. Jini wa Ujiji ana taratibu zake: saa za magharibi jua likizama, ubani, aya. Zimwi la ngano halina habari na hayo. Mizimu ya ukoo ni kitu kingine tena, haimsumbui asiye wa ukoo. Usizichanganye sufuria moja. Amua ni nani huyu uliyemleta, andika pembeni anachoweza na asichoweza, na usivunje hata kama sura ya 18 inakubana.

Mwanga Sokoni

Aisee, hapo kwenye ki- na aka- nimesoma mara tatu. Asanteni sana wakuu.

Dada Mhariri nimekuelewa, bibi wa macho mekundu alikuwepo kwenye muswada. Ameshatoka.

Bado swali la tatu. Na jamani, WhatsApp inaleta hela au ni kupoteza hadithi?

Gundi na Karatasi

Nakuja na makaratasi.

Hakimiliki inakuwa yako pindi unapoandika, chini ya sheria ya mwaka 1999, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kinacholindwa ni maandishi yako. Wazo la jini wa ziwani halina mwenyewe. Kujisajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, hakukupi haki mpya, kunakupa ushahidi wa tarehe, na hilo ndilo unalolihitaji siku mtu akibandika jina lake juu ya kazi yako. Sajili muswada uliokamilika, siyo sura tatu za mwanzo.

ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Tarakimu 13, kwa Tanzania utaona inaanza na 978-9976 au 978-9987. Anzia maktaba ya mkoa hapo hapo, waulize fomu na ada ya sasa kabla ya kusafiri. Iombe wakati jina la kitabu limeshakuwa la mwisho. Ukibadilisha jina baadaye, namba inamwelekeza mtu kwenye kitabu ambacho hakipo. Kitabu cha karatasi na cha kielektroniki ni namba mbili tofauti. Baada ya kuchapa, sheria inataka nakala ziwekwe maktaba ya taifa, watu wengi wanasahau.

Sasa kuchapa. Kwa riwaya tumia A5, milimita 148 kwa 210. Herufi za ukubwa wa 11, nafasi ya mistari 1.2 au zaidi kidogo, utapata kama maneno 260 kwa ukurasa. Maneno 40,000 ni kurasa 154 hivi, weka na zile za mwanzo, fikisha 160. Namba hiyo siyo bahati: kazi ya ofseti, zile mashine za kuchapa nakala nyingi, inakunja karatasi kwa mafungu ya kurasa 16, na 160 inagawanyika kamili. Ukipeleka kurasa 163 utalipia fungu zima la ziada au utaletewa kitabu chenye kurasa nyeupe nyuma.

Ndani karatasi ya gramu 80. Ya 60 ni rahisi lakini maandishi ya nyuma yanaonekana mbele. Jalada kadi ya gramu 250 hadi 300, yenye laminesheni, yaani utando mwembamba wa plastiki juu yake. Hapa sikiliza vizuri, maana nyie wa hadithi za kutisha wote mnataka jalada jeusi. Jeusi bila laminesheni linakwaruzika kwenye boksi kabla halijafika Kigoma, na pale mgongoni linapokunjwa wino unapasuka, unaonekana mstari mweupe. Omba laminesheni isiyong'aa, na mwambie aweke alama ya kukunjia kwa mashine kabla ya kukunja. Faili la picha liwe kwenye rangi za uchapaji, siyo rangi za skrini. Ukikosea, bluu yako ya ziwa usiku inatoka zambarau iliyochoka.

Unene wa mgongo unapigwa hesabu hivi: kurasa gawa kwa mbili, zidisha kwa 0.1 kwa karatasi ya gramu 80. Kurasa 160 ni karatasi 80, sawa na milimita 8. Ongeza milimita 3 kila upande wa jalada kwa ajili ya kisu. Mbunifu asiyejua unene wa mgongo atakuandikia jina la kitabu likiangukia mbele.

Pini katikati zinatosha kijitabu cha hadi kurasa 64 hivi. Zaidi ya hapo gundi. Kabla hujakubali mzigo, chukua nakala moja, ifungue katikati kabisa hadi ilale mezani, ifunge, rudia. Kurasa zikitoka, gundi ilikuwa baridi au mgongo haukukwanguliwa vizuri. Zirudishwe zote, usikubali kupunguziwa bei.

Idadi: kwa kuanzia nakala 50 hadi 100 kwa mashine ya dijitali. Bei ya kila nakala iko juu lakini hulali na maboksi. Ofseti inaanza kuleta nafuu ukivuka 500. Hesabu ya bei, mfano tu: nakala imekugharimu 5,000 pamoja na usafiri, duka linachukua asilimia 35. Ukiuza 8,000, duka linabaki na 2,800, wewe unapata 5,200. Faida ni mia mbili, hata vocha haitoshi. Ukiuza 10,000 unabaki na 1,500. Kwa hiyo nakala nyingi ziuze mwenyewe mkononi, duka liwe la kukufanya uonekane. Na msimu wa mvua maboksi yafungwe ndani ya nailoni, karatasi ikivuta unyevu inajikunja na hairudi.

Msomaji wa Isevya

Kuhusu WhatsApp, hela ipo ila ni ya kazi ya kila siku. Wanaofanikiwa wanatoa sehemu tano za mwanzo bure, kisha wanamfungulia msomaji kundi la kulipia kwa namba ya simu. Kila sehemu maneno 1,200 hadi 1,500, kwa saa ile ile kila siku. Ukiruka siku mbili watu wanaondoka. Kata sehemu kwenye swali, siyo kwenye kishindo. Tukiacha mtu ameshika kitasa, watarudi kesho. Tukiacha ameshaliwa, wamemaliza.

Hasara zake: siku ya pili utakuta imenakiliwa kwenye makundi mengine bila jina lako. Huwezi kuzuia, unaweza kupunguza. Jina lako liweke ndani ya maandishi, katikati ya aya na siyo juu tu, kwa sababu kichwa ndicho kinachokatwa kwanza. Na usiwape mwisho wa hadithi kule. Sura tatu za mwisho zibaki za kitabu.

Dada Mhariri

Hapa sikubaliani nawe, kaka. Kuwauzia watu sehemu nyingi halafu kuwaambia mwisho uko kwenye kitabu ni kuwachokoza. Hawatanunua, watakutukana, na watakuwa na haki yao. Bora atoe hadithi fupi nyingine WhatsApp, maneno 6,000, imekamilika, wahusika ni wale wale. Riwaya ibaki kabatini.

Kuna sababu nyingine. Mashindano. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, riwaya ikiwemo, na mshindi wa kwanza alipata shilingi milioni 10. Mashindano mengi yanataka muswada ambao haujatolewa popote, na sehemu nyingi kwenye kundi la watu mia tatu ni kutolewa. Soma masharti ya mwaka husika kwanza, amua kuhusu WhatsApp baadaye.

Msomaji wa Isevya

Nimekubali hilo la mashindano. La kuubakiza mwisho kwa ajili ya kitabu bado tutabishana.

Mwanga Sokoni

Basi nafuata njia ya Dada: hadithi fupi kwa simu, riwaya kabatini hadi masharti yatoke. Swali la mwisho kwa Gundi na Karatasi: nikichapa nje ya Kigoma nitaangaliaje kazi kabla hawajachapa zote?

Gundi na Karatasi

Lipa nusu, na kwenye makubaliano muandikiane kwamba nusu ya pili inatoka baada ya nakala moja ya mfano kukufikia mkononi. Siyo picha ya WhatsApp, nakala yenyewe kwa basi. Ikifika, angalia ukurasa wa 1 uko kulia, namba za kurasa zinafuatana, herufi za ng' hazijageuka vijisanduku, na ukingo wa ndani una milimita 18 hadi 20, la sivyo maneno yatazama kwenye gundi. Fanya lile jaribio la kuilaza mezani. Saini na tarehe ziweke kwenye nakala hiyo hiyo, ipige picha, irudishe. Wakileta mzigo tofauti na huo, una kitu cha kuwaonyesha.

PDF unayotuma hakikisha fonti zimefungwa ndani yake. Herufi kugeuka kunaanzia hapo.